Kabla ya Kulipia Cheti, Uliza Nani Atalazimika Kukidai

Mjini Lubumbashi, ambako shaba imelisha watu kwa zaidi ya karne moja, swali la kijana aliyemaliza chuo kikuu mwaka jana limekuja kufanana na la baba wa miaka arobaini na mitano aliyezeekea karakanani: nisomee nini sasa ili nipande cheo, au nitoke kabisa katika kazi hii niingie nyingine? Majibu hayana uhaba. Husambazwa kwa WhatsApp kila wiki, hubandikwa kwenye milango ya vyumba vya mafunzo katikati ya mji, na yote huahidi jambo lile lile, kwamba cheti hiki, kiwe cha usimamizi wa miradi, cha usalama kazini, cha ukaguzi wa viwango vya ISO, cha uhasibu wa kimataifa au cha Kichina cha migodini, ndicho kinachotafutwa kwa sasa. Anayeyasoma matangazo hayo huishia kuuliza cheti kipi kina jina kubwa. Kwa maoni yangu, jina ni jambo la kuangalia mwishoni. Kwanza mtu angeuliza ni nani atakayelazimika kukidai cheti hicho, na atakuwa analazimishwa na nini.

Nasema kulazimika kwa makusudi. Katika soko la kazi la mikoa yetu ya migodi, Haut-Katanga na Lualaba, ambako undugu, kabila na simu ya mkubwa fulani huweza kufungua mlango kabla mwenye sifa hajafika mapokezi, karatasi yenye thamani ya kweli ni ile ambayo hata bosi mwenye shemeji wa kumwingiza hawezi kuiruka. Kuna nguvu tatu zinazoweza kumfunga bosi huyo mikono. Ya kwanza ni sheria, ya pili ni mkataba alioutia sahihi na mteja wake, ya tatu ni mazoea ya watu wa fani. Hazilingani hata kidogo, na makosa mengi ya uchaguzi ninayoyaona hutokana na mtu kulipia cheti cha mazoea akidhani amenunua cha sheria.

Tuanze na sheria, na mfano ulio wazi kuliko yote ni uhasibu. Kongo ilijiunga na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na kwa hatua hiyo ikauacha mpango wa uhasibu wa mwaka 1976, ambao wahasibu wetu wengi walikuwa wameukariri tangu shuleni, ikaingia katika mfumo wa SYSCOHADA. Mfumo huo nao ukafanyiwa marekebisho, na toleo lake jipya likaanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Katikati ya mabadiliko hayo, mwaka 2015, sheria iliunda chombo cha kitaifa cha wataalamu wa uhasibu, kile tunachokijua kwa kifupi chake, ONEC. Sasa tazama jinsi vipande hivi vinavyoshikana. Chini ya OHADA, kampuni yenye muundo wa SA, yaani kampuni ya hisa, inalazimika kuwa na mkaguzi wa hesabu wa kisheria. Kampuni ya SARL, yaani ile ya dhima yenye ukomo, nayo inalazimika kuwa naye inapotimiza mawili kati ya masharti matatu: mali inayozidi thamani ya faranga za CFA milioni 125, mauzo ya mwaka yanayozidi milioni 250, na wafanyakazi wa kudumu zaidi ya 50. Na mahali ambapo nchi ina chombo cha kitaaluma cha wahasibu, mkaguzi huyo hatafutwi nje ya orodha ya chombo hicho. Maana yake ni kwamba kila mfanyabiashara wa hapa anayekua, awe anauza saruji au anasafirisha asidi kuelekea Kolwezi, anasukumwa na sheria, apende asipende, kuelekea kwa mtu mwenye namba ya usajili. Huyo mwenye namba hahitaji kujitangaza sana.

Weka pembeni yake ACCA, chama cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1904, ambacho cheti chake kinajulikana vizuri ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, yaani Zambia, na ambacho wahasibu vijana wa Lubumbashi hukitaja kwa macho yanayong'aa. Kwa mpangilio uliozoeleka, njia yake ina mitihani 13, yote ikifanywa kwa Kiingereza. Mwenye masomo yanayotambuliwa anaweza kusamehewa hadi mitihani 9, ingawa msamaha wenyewe hulipiwa, jambo ambalo watoa matangazo hawana haraka ya kulisema. Baada ya mitihani kuna miezi 36 ya uzoefu wa kazi ambayo lazima ithibitishwe na msimamizi. Mtu asiye na msamaha wowote, anayefaulu mitihani miwili kwa mwaka huku akiwa kazini, atahitaji zaidi ya miaka sita. Na ni nani anayelazimika kukidai cheti hicho? Kwa sheria yetu, hakuna. Anayekidai ni mkurugenzi wa fedha wa kampuni ambayo makao yake makuu yanatoa hesabu kwa viwango vya kimataifa vya IFRS, kama Glencore, yenye hisa zake katika soko la London na migodi ya KCC na Mutanda upande wa Kolwezi, au Ivanhoe Mines, yenye hisa katika soko la Toronto na sehemu yake ndani ya mgodi wa Kamoa-Kakula. Kule juu, ripoti ya mwezi husomwa na watu ambao hawajawahi kuifungua SYSCOHADA, na wanataka mtu anayezungumza lugha yao ya hesabu.

Kwa hiyo jibu hubadilika kulingana na nani atakayeisoma kazi yako. Mhasibu wa miaka 28, mwenye Kiingereza cha kutosha, ambaye tayari yuko ndani ya idara ya fedha ya mgodi, ningemwambia aanze ACCA mwaka huu huu, maana uzoefu anaotakiwa kuuthibitisha anaupata pale pale alipo. Lakini mama wa miaka arobaini anayewaandikia hesabu wafanyabiashara wa wilaya za Kenya na Kamalondo hapa mjini, ambaye wasiwasi wa wateja wake ni maafisa wa kodi wa DGI na wala si wanahisa wa Toronto, atakuwa amejitwisha mzigo wa miaka sita kwa ajili ya msomaji asiyekuwapo. Kwake yeye, kuimiliki SYSCOHADA ya sasa pamoja na sheria za kodi, na kuulizia mapema masharti ya kuingia kwenye njia ya ONEC na muda wa staji, yaani mafunzo ya vitendo, inayotakiwa, kuna faida ya karibu zaidi. Na tusidanganyane kuhusu jambo moja: mwenye ACCA peke yake, bila kusajiliwa na chombo cha kitaaluma cha hapa, haendi kutia sahihi kama mkaguzi wa kisheria wa kampuni ya Kikongomani, hata cheti chake kiwe kimewekwa kwenye fremu ya dhahabu.

Nguvu ya pili, mkataba, ndiyo inayosahauliwa zaidi, ingawa nadhani ndiyo inayoamua ajira za watu wengi zaidi katika mji huu. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu kandarasi ndogo katika sekta binafsi imezitenga kazi hizo kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani. Watu wameijadili sana sheria hiyo kama suala la wenye mitaji, nani kaingiza jina lake na nani katumiwa kama kivuli, lakini athari yake kwa mfanyakazi wa kawaida haijazungumzwa ipasavyo. Fungua jalada la zabuni la kampuni ndogo ya Kampemba inayoomba kazi ya kubadilisha mabomba katika kiwanda cha kuchakata madini. Juu kuna RCCM (usajili wa biashara), namba ya kodi, usajili wa ARSP (mamlaka ya kandarasi ndogo), uthibitisho wa michango ya CNSS (hifadhi ya jamii), INPP (taasisi ya mafunzo ya ufundi) na ONEM (ofisi ya ajira). Chini ya hayo kuna orodha ya watu watakaopelekwa kwenye kazi, na nyuma ya kila jina kuna CV na nakala za vyeti. Anayezipokea nakala hizo upande wa mgodi hakujui, hajakuona ukishika kifaa, wala hana mpango wa kukupigia simu. Ana orodha yake ya kuweka alama, na sanduku lisilo na alama huigharimu kampuni nzima pointi.

Hapo ndipo mwenye kampuni ndogo, ambaye jana alikuwa anaajiri kwa kujuana, anapoanza kutafuta kwa bidii mtu mwenye karatasi fulani, na kwa mara ya kwanza mwenye karatasi anakuwa na neno katika mshahara wake.

Mfano ninaoupenda ni wa fundi wa kuchomelea. Katika mtihani mmoja mgumu, fundi hupewa vipande viwili vya bomba vilivyofungwa kwa mteremko wa nyuzi 45, na haruhusiwi kulizungusha bomba. Azunguke yeye: achomelee juu, pembeni, kisha chini akiwa ameinama na cheche zikimdondokea kwenye kola, hadi duara lifunge. Baadaye kiungo hicho hukatwa vipande vyembamba na kila kimoja kukunjwa kwa mashine hadi kiwe na umbo la herufi U. Kwa kanuni za ASME, chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, ufa ulio wazi unaozidi milimita 3 ukionekana kwenye mkunjo, fundi ameanguka, awe na uzoefu wa miaka miwili au ishirini. Mtihani huu haukuulizi Kifaransa chako, haukuulizi baba yako ni nani. Akifaulu, hati yake inataja mbinu aliyoitumia, mkao wa bomba na unene wa chuma, na anapokaa miezi sita bila kuchomelea kwa mbinu hiyo, sifa hiyo huisha. Wako mafundi hodari katika karakana za Ruashi na Katuba ambao hutengeneza mageti mazuri kuliko yale ya dukani, lakini hawajawahi kuufanya mtihani wa namna hii kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba tofauti kati ya malipo yao na ya fundi wa mgodini iko katika vile vipande vya chuma vilivyokunjwa. Kwa mtu wa aina hiyo, kurudi shuleni miaka mitatu kutafuta shahada ni kuzunguka mlima ambao una njia ya mkato.

Kwenye usalama kazini mambo si safi hivyo. Sheria yetu ya kazi inataka kuwe na kamati ya usalama, usafi na upendezeshaji wa mahali pa kazi, na nafasi nyingi za maafisa wa usalama zimetokana na hitaji hilo pamoja na masharti ya wateja wakubwa. Lakini cheti kinachotajwa katika mikataba ya kampuni za kigeni mara nyingi ni cha NEBOSH, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1979, ambayo hutahini na huweza kumwangusha mtu. Katika soko letu cheti hicho hushindana na makaratasi ya semina za siku mbili, zenye chai na mikate, ambapo kila aliyelipa huondoka na hati yenye muhuri. Sizidharau semina; mtu huweza kujifunza mengi kwa siku mbili. Tatizo ni kuziorodhesha kwenye CV kama sifa za kitaalamu. Kuna hati ya kuhudhuria, ambayo inathibitisha kwamba ulikuwapo. Kuna cheti cha mtihani, ambacho kinathibitisha kwamba ungeweza kuanguka na hukuanguka. Na kuna hadhi ya kitaaluma, ambayo inakuweka chini ya chombo chenye uwezo wa kukunyang'anya hadhi hiyo ukikosea. Anayechuja maombi kwa mazoea ya kila siku hutambua tofauti hizo kwa kutupia jicho tu, na wingi wa hati za aina ya kwanza humfanya amtilie shaka hata mwenye moja nzuri ya aina ya pili.

Tena viwango vyenyewe huzeeka. OHSAS 18001, ambayo wengi walijifunza na kuiandika kwenye CV zao, ilipata mrithi wake, ISO 45001, mwaka 2018. Aliyejifunza namna ya kukagua mfumo wa kazi alihama nayo bila shida. Aliyenunua jina la kiwango alibaki nalo.

Nguvu ya tatu, mazoea, ndiyo yenye matangazo mengi na ahadi kubwa. Hapa ndipo lilipo lile neno linalotajwa na kila mtu, PMP, cheti cha usimamizi wa miradi cha chama cha Marekani kiitwacho PMI. Sitakisema vibaya, kwa kuwa ni mtihani halisi na unaweza kufanywa hata kwa Kifaransa. Ninachokilaumu ni jinsi kinavyouzwa. Masharti yake ni kwamba mwenye shahada ya chuo kikuu ya miaka minne awe na miezi 36 ya kuongoza miradi, na mwenye diploma ya sekondari awe na miezi 60, na kila mmoja wao awe amepata saa 35 za mafunzo ya usimamizi wa miradi. Darasa la siku tano linalotangazwa mjini linaweza kukupa hizo saa 35. Halikupi miezi, na halikupi mtihani. Nimeona vijana wasio na mwaka hata mmoja wa kazi wakilipia darasa hilo kwa fedha za familia, kisha wakiandika PMP kwenye CV zao kwa sababu hati waliyopewa imeandikwa maneno hayo kwa herufi kubwa. Mwajiri anaweza kuhakiki jina lako kwenye rejesta ya chama kwa dakika mbili, na asipolikuta, hatafikiri kwamba hukuelewa, atafikiri kwamba ulitaka kumdanganya. Kwa kijana wa namna hiyo chama hicho hicho kina cheti cha chini, CAPM, kinachodai saa 23 za mafunzo na hakidai uzoefu. Na kama ndoto yake ni mashirika ya misaada, ambayo kwa wenzetu wa Goma na Bukavu ni waajiri wakubwa, kuna Project DPro, iliyotungwa kwa ajili ya miradi ya maendeleo. Katika mji wa migodi kama huu wetu nisingeiweka mbele.

Anayehitaji kushawishiwa zaidi kwamba karatasi inayotambulika nje ya kampuni yako ni jambo la maisha, na atazame historia ya mji wenyewe. Gécamines, kampuni ya madini ya serikali na mrithi wa Union Minière ya enzi za ukoloni, ilijenga shule, hospitali na vituo vya mafunzo, na ilifundisha mafundi wake kwa ukali ambao hadi leo wazee huuzungumzia kwa fahari. Kisha uzalishaji ukaporomoka katika miaka ya 1990, na mwaka 2003 mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia ukawatoa kazini wafanyakazi zaidi ya 10,000. Miaka michache baadaye migodi ya kibinafsi ikafunguka na kuanza kutafuta umeme wa viwandani, mitambo na maabara, yaani kazi zile zile ambazo wengi wa watu hao walikuwa wamezifanya nusu ya maisha yao. Umri uliwazuia wengine, na malimbikizo ya mishahara yalikuwa yamewavunja moyo wengine. Lakini naamini kwamba kikwazo kilichozungumzwa kidogo ni kuwa ujuzi wao ulikuwa umeandikwa kwenye faili la kampuni moja, kwa ngazi na vyeo ambavyo mgeni kutoka Afrika Kusini au China hakujua kuvisoma. Mtu anayefundishwa leo ndani ya mgodi, akapewa hati yenye nembo ya mgodi ule tu, yuko katika hali ile ile, isipokuwa nembo imebadilika.

Na migodi haikai wazi daima. Mwishoni mwa 2008 bei ya shaba ilipoanguka, kampuni nyingi za Katanga zilifunga milango. Mutanda ilisimamishwa mwaka 2019 kobalti iliposhuka bei. Februari 2025 ilikuwa serikali yenyewe iliyosimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, kabla ya kuweka mgao baadaye mwaka huo. Ujuzi wa kuendesha mtambo mmoja wa kuchakata madini ya aina moja unakufanya uwe wa thamani sana mahali pamoja. Umeme wa viwandani, vifaa vya kupimia na kudhibiti mitambo, uchomeleaji, ununuzi na ugavi, hesabu: hizi zinahitajika kwenye kiwanda cha bia, kwenye saruji, kwenye reli, kwenye hospitali. Mtu mwenye mkopo wa nyumba ya mtaa wa Golf au wa gari angelifikiria jambo hili mara mbili.

Kubadili kazi kabisa ni habari nyingine, na ushauri unaotolewa mara nyingi huchanganya mambo mawili. Anayepanda ngazi anahitaji cheti cha kuthibitisha kile ambacho tayari anakifanya. Anayehama anahitaji daraja, na daraja zuri huegemea upande ule anaoutoka. Mwalimu wa sekondari anayechoka kusubiri mshahara wake halazimiki kuanza upya kama fundi wa mitandao. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni za migodi kutia sahihi makubaliano ya maendeleo na jamii zinazozizunguka, na kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa miradi ya jamii hizo. Kazi hiyo inahitaji watu wanaoweza kuendesha mkutano wa kijiji kwa Kiswahili, kuandika ripoti kwa Kifaransa, kutunza orodha ya malalamiko na kusimama mbele ya chifu bila kutetemeka. Mwalimu anayaweza karibu yote hayo. Anachokikosa ni elimu kidogo ya ufuatiliaji wa miradi na ya tathmini ya athari za mazingira na jamii, ambayo ni suala la miezi, na pengine mwaka mmoja wa kujitolea katika shirika la kijiji ili awe na kitu cha kuonyesha. Mwalimu wa kemia ana daraja jingine, maabara. Fundi umeme wa nyumba ana paneli za jua, ambazo kwa hali ya umeme wetu hazikosi wateja.

Kwa watu wa kundi hili nashangaa jinsi INPP inavyodharauliwa. Taasisi hiyo imekuwapo tangu 1964, ina tawi hapa Lubumbashi, na kazi yake kisheria ni pamoja na kuwaongezea ujuzi walio kazini na kuwageuza wanaohama fani. Vijana huiona kuwa mahali pa wale walioshindwa chuo kikuu. Lakini waajiri hulazimika kuichangia kila mwezi kulingana na mishahara wanayolipa, na breve yake, yaani cheti chake cha ufundi, ni karatasi ambayo meneja yeyote wa Kikongomani anaifahamu. Mfanyakazi anayeingia ofisini na kusema, “Mukubwa, kampuni tayari inachangia INPP, naomba nipelekwe kwenye mafunzo haya ya mitambo ya kujiendesha,” ana hoja yenye uzito kuliko anayeomba dola kwa ajili ya darasa la intaneti.

Kuna lugha pia, na hapa wengi hupoteza fedha kimyakimya. Mtihani wa kitaalamu wa Kiingereza hupima mambo mawili kwa wakati mmoja, na mtu anayelielewa somo vizuri anaweza kuanguka kwa kuwa swali lenyewe lilimchukua dakika mbili zaidi kulisoma. Asiyejiamini atenge mwaka wa kwanza kwa Kiingereza peke yake, na auhesabu kama sehemu ya gharama. Kuhusu Kichina, nina maoni ambayo hayatawapendeza wanaokifundisha: ngazi mbili za chini za HSK, mtihani wa lugha hiyo, zinakuwezesha kusalimiana na kununua vitu, na msimamizi wa Kichina atafurahi, lakini hazikufanyi kuwa mkalimani. Mwenye nia ya kukigeuza kuwa kazi ajiandae kwa miaka.

Fedha zenyewe. Ada nyingi za mitihani hii hulipwa kwa dola na kwa kadi ya benki, zingine kwa mkupuo, na hapo ndipo likelemba, ule mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, inapoingia, au mjomba. Hesabu inayosahauliwa ni ile ya baada ya kufaulu. PMP huhuishwa kila miaka mitatu kwa pointi 60 za mafunzo endelevu pamoja na ada. Cheti cha mitandao cha CCNA nacho huisha baada ya miaka mitatu. Uanachama wa ACCA una mchango wa kila mwaka, na ukiacha kulipa hupotezi karatasi ukutani ila unapoteza haki ya kujiita mwanachama. Anayechagua kati ya vyeti viwili vinavyolingana aweke gharama ya miaka sita kwenye karatasi moja, na mara nyingi mpangilio wa kipi ni rahisi na kipi ni ghali utageuka.

Na kama mwajiri atakubali kulipa, kama baadhi ya kampuni kubwa zinavyofanya, masharti yasomwe kabla ya furaha. Kwa kawaida mfanyakazi hutakiwa kutia sahihi kwamba atabaki kazini kwa muda fulani, la sivyo arudishe fedha. Ni haki yao kuomba hivyo. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya deni linalopungua kila mwezi unaobaki na deni linalobaki zima hadi siku ya mwisho, na kuna tofauti kubwa zaidi kati ya mkataba unaokudai fedha ukiacha kazi mwenyewe na ule unaokudai hata ukiachishwa kwa sababu mgodi umefungwa. Omba kipengele hicho kiandikwe, na uhakikishe kwamba cheti kitatoka kwa jina lako na kwamba ile asili yake utaichukua wewe, usiiache kwenye kabati la idara ya wafanyakazi.